Upande wa Pili wa Korongo

Maji yalipotugawa, Bi Siwema alibaki upande wake peke yake, mimi na mwanawe upande wetu. Alikuwa ameketi juu ya bega la udongo chini ya nguzo moja ya korongo la Isimila, miguu ameikunja, baibui limemganda mwilini. Kati yetu ulipita mto wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba matawi, povu na kandambili ya mtu tusiyemjua. Muda mfupi kabla yake, mahali pale palikuwa mchanga mkavu.

Idrisa alikuwa akimwita. Ngurumo ya maji ilimeza sauti yake, lakini nina hakika mama yake alimsikia, maana midomo ya mtu anayekuita, je, hutaijua hata ukiwa kiziwi? Unaijua. Hakuitika. Hakuyatazama maji wala mawingu. Alitutazama sisi, na zaidi aliutazama mkono wa mwanawe, ambao ulikuwa bado umenikamata kifundo cha mkono kana kwamba na mimi nilikuwa bado mle ndani.

Nilijaribu kuutoa mkono wangu. Idrisa hakuuachia.

Tulifika pale kwa mpango wake. Yeye hutengeneza minara ya simu, na kila safari ya kazi alirudi na picha za mahali alipopita: maporomoko, mapango, makaburi ya machifu. Aliamini kwamba watu wawili wakisimama pamoja kutazama kitu kikubwa, hawawezi kurudi nyumbani wakiwa maadui. Kwa hiyo mwaka ule tulipotaka kuoana, alianza kututembeza, mimi na mama yake.

Bi Siwema ana duka la vitenge na mashuka Mwanjelwa. Babu yake alitoka Kilwa, yeye kazaliwa Mbeya, na baridi ya Mbeya huikabili kwa sweta la kijivu juu ya baibui. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, Mlutheri, mtoto wa mzee wa kanisa. Nilikuwa nauza duka la dawa Iyunga, na Idrisa alinifahamu alipokuja kununua vidonge vya presha vya mama yake.

Hakuwahi kunitukana. Afadhali angenitukana. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akanisogezea vitumbua, kisha akamgeukia mwanawe na kumwuliza kama amempigia Yasmini. Yasmini ni binti wa kaka yake, alikuwa amemaliza chuo, na picha yake ilikaa ukutani juu ya kochi nililopewa kukalia.

Kwetu nako hakukuwa rahisi. Baba yangu, mzee Fanueli, alikaa miezi bila kulizungumzia jambo hilo. Siku alipolizungumzia alisema, "Suala la dini nimeshaongea na Mungu wangu, usiniulize tumeongea nini. Lakini mama yake aje hapa aseme kwa mdomo wake kwamba anakuhitaji. Sitakupeleka kwenye nyumba ambayo hujaitwa."

Basi Idrisa akatutembeza. Kwanza Mbozi, kwenye kimondo. Bi Siwema alikizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya kile chuma cheusi, akasema kama anajisemea, "Kizito chote hiki, na wala hakikuua mtu." Jumamosi nyingine tukaenda Rungwe, Daraja la Mungu. Mto Kiwira ulikuwa unapita chini ya jiwe kwa hasira, na manyunyu yalitulowesha. Idrisa alituambia tusimame pamoja, akatupiga picha nyingi. Katika zote, kati yangu na mama yake kuna nafasi ambayo mtu wa tatu angetosha kusimama.

Siku ya kuamkia safari ya Iringa nilikwenda Mwanjelwa kusaidia kufunga mizigo. Nilikuwa uani naanua nguo. Nikamsikia akimwambia mwanawe jikoni, taratibu kabisa, "Nakwenda kusalimia wazee wa watu, kwa kuwa umeniomba. Siendi kuposa. Wakiniuliza nitawajibu ukweli."

Niliingia na nguo mikononi. Hakuna aliyebadilisha sura.

Tuliondoka asubuhi. Igawa tulisimama akanunua mchele, kiroba kizima, akauchagua mwenyewe kwa kuutafuna punje. "Siendi kwa watu mikono mitupu," alisema. Idrisa alinitazama kwenye kioo cha gari akatabasamu. Mimi nilitazama nje. Kwetu watu walikuwa wameanza kupika tangu alfajiri. Baba zangu wadogo walikuwa njiani kutoka Kilolo. Na mimi niliyekaa siti ya nyuma nilijua wanampikia mtu anayekuja kuwakatalia.

Isimila ipo kabla ya kufika mjini, na Idrisa alikata kona hata kabla hatujamwuliza anakwenda wapi. "Dakika chache tu," alisema. "Mama hajawahi kupaona."

Juu yetu anga lilikuwa safi. Mbali, upande wa milima, kulikuwa na wingu zito ambalo halikuonekana kutuhusu.

Aliyetuongoza aliitwa Jailos, mtu mpole mwenye fimbo na koti refu. Alituonyesha mashoka ya mawe ya watu wa kale, na Bi Siwema akauliza kama wanawake nao walikuwa wanayatumia. Jailos akajibu kwamba nani alitumia lipi hakuna anayejua, lakini nyama ililiwa, kwa hiyo kuna aliyeichuna. Bi Siwema akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kisha tukashuka korongoni, tukatembea juu ya mchanga katikati ya zile nguzo za udongo, nyekundu chini, za kijivu juu, kila moja na jiwe lake kichwani kama mama aliyetoka sokoni. Bi Siwema aliinua uso akasahau kuushusha. Alimpa Idrisa simu yake, akasimama chini ya nguzo ndefu kuliko zote, akasema, "Nipige peke yangu."

Ilikuwa wakati ule Jailos alipoacha kuzungumza. Aligeuza kichwa kama mtu aliyeitwa.

"Tupande," alisema. "Sasa hivi, jamani."

Alitangulia kutuonyesha njia, palipochongwa ngazi kwenye ukingo. Idrisa alimfuata ili atuvute kutoka juu. Nilisikia sauti kama lori linamwaga kokoto mahali mbali, kisha si mbali, kisha maji yakatokea kwenye kona yakiwa yamesimama kama ukuta mfupi, machafu, yakisukuma majani mbele yake. Yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Nilipoinua mguu wa pili yalikuwa magotini.

Bi Siwema alikuwa mbele yangu. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukingo, na mkono wake ulikuwa tayari juu, vidole vimefunguka. Wangu ulikuwa nyuma ya wake. Nilimsikia akisema, "Idrisa, mimi hapa."

Idrisa alilala kifudifudi, akanyoosha mkono. Ulipita kando ya mkono wa mama yake, karibu kabisa, nadhani uliugusa, ukaja ukanikamata mimi.

Sijui kama alichagua. Nimelala kitanda kimoja naye miaka hii yote na sijui. Nilipandishwa nikichubuka kifua kwenye udongo, na alipogeuka kumnyooshea mama yake, maji yalikuwa yameshamwangusha. Tulimwona akizama hadi shingoni, akizungushwa, akitupwa upande wa pili, akilikumbatia tako la nguzo. Alijipandisha mwenyewe, kwa viwiko na magoti. Jailos alishaanza kukimbia kwenda kutafuta kamba na watu.

Hivyo ndivyo tulivyobaki tunatazamana.

Alivua mtandio wake, akaukamua, akaufunga tena vizuri, kama aliye mbele ya kioo chumbani kwake. Udongo uliokuwa chini yake ulianza kumeguka vipande vipande. Kila kipande kilipodondoka Idrisa alitoa sauti kooni, na mimi nilianza kusali kwa Kihehe bila kujijua. Mara moja Idrisa alitaka kujitosa. Nikamshika mkanda wa suruali. Bi Siwema alipoliona hilo aliinua kiganja kumkataza. Ndiyo ishara pekee aliyotupa.

Jailos alirudi na kamba na vijana wawili waliokuwa wakifyatua matofali. Hata hivyo ni maji yenyewe yaliyochoka kwanza. Yalishuka kama yalivyokuja, bila kuaga, na walipomvusha yalikuwa hayafiki tena kiunoni. Idrisa alimpokea huku analia. Mama yake alijifuta uso, akatazama chini.

"Kiatu kimoja kimekwenda," alisema.

Kwenye gari Idrisa aliwasha hita, akasema turudi Mbeya, au twende hospitali, au popote.

"Twende Ipogolo," alisema mama yake. "Watu wamepika."

Nilikuwa nimeshayajua maneno yatakayosemwa, na sasa yalikuwa yamepata nguvu ambayo asubuhi hayakuwa nayo. Mwanamke ambaye mwanawe ameupita mkono wake ana haki ya kusema lolote.

Nyumbani walitupokea kwa mshtuko. Mama yangu alimpeleka Bi Siwema chumbani, akampa kanga kavu na blauzi yake ya kanisani. Baada ya chakula sebule ilijaa. Baba alikaa kwenye kiti chake, baba wadogo kwenye benchi, Bi Siwema kwenye kochi, Idrisa na mimi kwenye mkeka. Baba alikohoa.

"Tumesikia mmepata mtihani njiani, mama. Pole sana. Sisi tunamshukuru Mungu kukuona. Lakini kijana hapa hasemi, na binti yangu hasemi. Ilikuwaje?"

Idrisa aliinamisha kichwa. Niliona jasho likimtoka nyuma ya masikio.

Bi Siwema aliweka kikombe chini. "Ilikuwa hivi," alisema. "Maji yalikuja, mimi nipo mbele, Frida yupo nyuma yangu. Mwanangu akaninyooshea mkono mimi. Nikamwambia, mwache mama yako, mvute Frida kwanza. Huyu bado hajaishi."

Mama yangu aliziba mdomo kwa kanga. Idrisa aliinua uso akamtazama mama yake, na sijapata kuona uso wa mtu mzima ukiwa mtupu vile.

"Si ulinisikia, Frida?"

Macho yote yakaja kwangu. Ya baba yalikuwa makini. Baba yangu husikiliza ushahidi kama hakimu. Bi Siwema hakuniomba kwa macho wala hakunitisha. Alisubiri tu.

"Nilikusikia, mama," nilisema.

"Basi." Akamgeukia baba. "Mzee Fanueli, mtoto niliyemtoa kwenye maji kwa kauli yangu mwenyewe, nitawezaje kumwacha kwenu nikaondoka? Nimekuja kuposa."

Baba alimwomba arudie, polepole, ili baba wadogo nao wasikie vizuri. Akarudia, neno kwa neno.

Leo habari hiyo inajulikana Mwanjelwa yote. Yasmini aliisimulia kwenye harusi yetu, kwa machozi. Watoto wetu humwomba bibi yao awasimulie, naye huwasimulia, kila mara sawasawa, hata mahali pa kuvuta pumzi hapabadiliki. Idrisa huwa anatoka nje. Mvua kubwa ikipiga bati la nyumba yetu Iyunga, humpigia mama yake simu kumwuliza kama yupo ndani, na huwa yupo ndani.

Jioni ile ya Ipogolo, wakati wageni wanaagana, nilikuwa uani nasuuza sahani. Bi Siwema alitoka akiwa peku, akaulizia maji ya kutawadha. Nilichota kwenye ndoo, nikamfuata hadi kwenye jiwe la kufulia. Alipokunja mikono ya ile blauzi ya mama niliona viwiko vyake vimechunika, na viganja vimejaa mikwaruzo yenye udongo mwekundu ndani.

Nilifungua mdomo. Alikuwa ameshainama, mikono mbele, akisubiri.

"Mimina," alisema. "Taratibu, panawasha."