Ukuta wa Timazi

Baba mkwe alikubali picha zitundikwe sebuleni, ila alitoa sharti lililomnyima mkaza mwana wake usingizi: "Ikipinda hata moja, zote zinashuka. Ukuta wangu si wa kuchezewa."

Huyo ndiye Timazi, mwashi mstaafu. Jina alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakutengana na timazi, ule uzi wa kupimia kuta. Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, na humo waliishi wote wanne: yeye, mkewe, mtoto wao na mke wa mtoto wao. Mgeni akiingia, hata hajakaa, ameshaambiwa kwamba haijapinda hata unywele.

Mkaza mwana alikuwa mchoraji. Picha zake zililala chini ya kitanda tangu aolewe, zimepeana migongo kama watu walionuniana: mbuzi wa jirani, sufuria iliyoungua, kinyozi aliyesinzia, mama mkwe akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Alitamani zionekane, basi. Alikuwa amechoka kuitwa mama wa nyumbani mwenye rangi kwenye kucha.

Timazi alipokwenda kunyolewa, mkaza mwana na mumewe waliingia kazini. Walikata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu, wakayabandika ukutani, wakayahamisha, wakagombana, wakapatana. Kisha wakapigilia misumari na kutundika, kila fremu wakiiwekea pimamaji ya mzee mwenyewe mpaka kipovu cha hewa kilichomo ndani yake kitulie katikati.

Walirudi nyuma kutazama. Wote wawili wakainamisha vichwa upande mmoja.

"Zimepinda," mume alisema.

"Kipovu kiko katikati."

"Basi kipovu kinatudanganya. Hebu tazama ile ya juu na dari!"

Mke alipanda stuli, akaibana pimamaji kwenye dari. Kipovu kikatimka mbio upande wa mlango.

"Picha ziko sawa," alinong'ona. "Ukuta wa baba ndio mfupi upande wa dirisha. Dari imeufuata."

Mume alikimbia kufunga mlango. "Nyamaza! Unataka tuhame?"

Hapo ndipo shughuli ilipokuwa. Mkaza mwana akizifuatisha na dari, mzee atapima na zitashuka. Akiziacha, atazitazama na zitashuka. Akisema ukweli, atamvua nguo mzee wa watu ndani ya nyumba yake. Mara Timazi akaingia kutoka kwa kinyozi, kipara kinang'aa. Alisimama, akainamisha kichwa.

"Zimepinda. Shusheni."

Moyo ulimuuma mkaza mwana, lakini kumwaibisha baba mkwe hakuweza. "Sawa, baba," alisema, akanyoosha mkono amshushe mbuzi.

"Ngoja, mwanangu." Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. "Apime mwenyewe kwanza."

Timazi akampima mbuzi. Katikati. Akampima kinyozi. Katikati. Akaigeuza pimamaji, akaigongagonga pajani, akaipuliza, akapima tena. Katikati. Polepole aliinua macho kwenye dari, yakabaki huko huko. Mkaza mwana alimhurumia hadi akatamani picha zote ziungue.

"Nani mwingine anajua?" Timazi aliuliza.

"Mimi, tangu tuhamie," mkewe alijibu. "Utando wa buibui wa dirishani naufikia kwa ufagio. Wa mlangoni mpaka nipande stuli."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno, mume wangu."

Timazi akajitupa kwenye kochi. Alijipapasa kipara. Kisha akasema, "Mkwe, umemaliza hizi tu?"

"Zimebaki nyingine chini ya kitanda, baba."

"Zilete. Jaza ukuta wote, panda nazo mpaka juu, hiyo dari nisiione. Na pale dirishani nichoree moja kubwa."

"Nichore nini, baba?"

"Chochote, mradi iwe pana." Akafikiri kidogo, sauti ikashuka. "Au nichore mimi. Nikijenga."

"Mchore, mwanangu," mama mkwe alidakia, "ila umnyooshe kidogo."

"Asininyooshe!" Timazi alisema. "Anichore nilivyo."

Mkaza mwana alipanda tena stuli na nyundo yake, analia na kucheka kwa pamoja, na baba mkwe akainuka kumshikia stuli isiyumbe.