Masahihisho ya Mwaka 1231

Jumanne saa tisa alasiri, Jokébed Kavugho alikuwa anachora mvuke unaotoka kwenye chungu. Alikuwa kwenye meza ya nyuma ya kibanda cha fotokopi mjini Butembo, ambako asubuhi aliwachapia watu barua, na alasiri, umeme ukishakatika, alichora manga, hadithi za picha za mtindo wa Kijapani. Manga yake ilimhusu Christa, msichana wa Butembo anayeingia kwenye ukungu wa asubuhi na kutokea Ufaransa, mwaka 1231. Jarida moja la mtandaoni la Ulaya liliichapa, sura moja kila mwezi.

Mtu aliyesimama mbele ya meza aliitazama karatasi, akasema kuwa mle chunguni mna viazi, na mwaka ule Ufaransa viazi havikuwapo.

Alikuwa mkulima, jina lake Siméon, amevaa kanzu ya sufu iliyotobolewa na panya, na alikuwa amekufa kwa njaa mwaka huohuo wa 1231. Alisema Kiswahili cha Butembo, kama wafu wote wanaopita Butembo. Mwenye kibanda alimwomba asogee asizibe mwanga, naye akasogea.

Alirudi Jumatano, na Alhamisi, na kila siku ya kazi baada ya hapo. Mahindi, hapana. Nyanya, hapana. Maharagwe mekundu, hapana. Dohani juu ya nyumba ya mkulima, hapana kabisa: moshi ulijitafutia njia kwenye nyasi za paa. Jokébed alikuwa amechora dohani kwa kuwa aliona haya kuwapa Wazungu jiko kama la bibi yake kule Luofu. Akaifuta. Kilichomkera zaidi ni kwamba mzee alikuwa anasema kweli, tena alisahihisha mdomo umejaa. Kila alasiri Jokébed alimwekea sahani ya viazi na maharagwe, maana mgeni ni mgeni, naye alikula mpaka akalamba sahani, kisha akasema vitu hivyo vifutwe.

Wasomaji wa Ulaya walikuwa na muda wa kusahihisha kumzidi hata Siméon. Mhariri alimtumia Jokébed barua zao: mia nne na kumi na mbili, zote juu ya viazi. Mmoja aliandika kwamba ameshindwa kulala. Mhariri aliongeza, kwa adabu, kwamba historia haichezewi, na jarida haliwezi kuwavunjia heshima watu waliokwisha kufa.

Hapo yalimfika Jokébed shingoni. Alitupa kalamu.

Miaka mitatu iliyopita, mdogo wake aliuawa asubuhi kwenye shamba la kakao upande wa Oicha, pamoja na watu wengine kumi na tisa. Aliitwa Kakule Sadrack. Kwao Kakule ni jina la mtoto wa kiume wa nne, kwa hiyo hakuna nyumba yenye Kakule wawili, na hakuna mtaa usiokuwa na Kakule kumi. Aliyekusanya majina ya marehemu alipiga simu. Mama yake Jokébed, akiwa matangani, aliulizwa amefiwa na nani, akasema Kakule. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita vingine. Mke wa Syauswa, mama mwingine aliyempoteza mwanawe wa kiume wa nne katika shamba lilelile, naye aliulizwa, akasema Kakule. Karani mmoja wa ofisi ya serikali mjini Beni aliona Kakule mara mbili kwenye orodha, wote wakulima, wote wa miaka ishirini na minne, akaweka rula na kukata mmoja. Watu ishirini wakawa kumi na tisa.

Sasa jiwe la ukumbusho lilikuwa linachongwa. Jokébed alikuwa amekwenda kwenye ofisi ile mara saba, na mara saba aliambiwa kwamba Kakule yumo. Mama yake alikuwa ameacha kupokea simu. Alisema simu ya siku ile ndiyo iliyomuua mwanawe mara ya pili.

"Papa Siméon," Jokébed alisema, "biazi ya miaka mia nane, batu mia nne banalia. Kakule wetu hata miaka mine haiyatimiza, hakuna mutu anauliza. Munanichosha."

Siméon alimeza kwanza.

"Ule mwaka ya njaa, padri aliandika mu kitabu: alikufa Jean, na wengine," alisema. "Mi niko mule mu wengine."

Kisha akauliza ofisi hufunguliwa saa ngapi.

Ijumaa Siméon alifika Beni kabla ya Jokébed, kwa sababu wafu hawasimamishwi kwenye vizuizi vya barabarani. Jokébed alimkuta kwenye benchi la ofisi akiwa na vijana wawili. Mmoja alikuwa Sadrack, na buti zake za shamba zina matope. Wa pili alikuwa Kakule wa Syauswa, mrefu kidogo, mwenye haya. Sadrack alimwamkia dada yake na kumuuliza kama mama anakula. Jokébed alisema anakula kidogo. Walikuwa namba kumi na nne kwenye foleni, wakangoja.

Karani, bwana Jean-de-Dieu, alikuwa mtu mpole. Jokébed alieleza kwa mara ya nane. Karani alifungua orodha, akawaelekezea vijana kalamu, mmoja, wawili, akakubali kwamba ni wawili. Alikubali hata kwamba hawafanani. Aliomba shahidi. Siméon akajitolea, karani akamwomba kadi ya mpiga kura, Siméon akasema alikufa kabla ya kura. Basi ushahidi wake haukupokelewa, kwa kuwa si mkazi wa hapa. Jokébed aliomba liandikwe jina zima, Kakule Sadrack, na yule mwingine aandikwe pamoja na jina la baba yake, yaishe. Karani akaweka kalamu chini.

"Mais mama, iko problème ingine," alisema. "Mutu mwenye anakuja ye mwenyewe ku bureau, na miguu yake, siwezi kumuandika mu liste ya benye balikufa. Donc hapa niko na batu bawili bazima. Hata ule mumoja mwenye niko naye, ningepashwa kumufuta."

"Hapana, chef," Sadrack alisema. "Acha mumoja abakie."

Karani alimshukuru kwa kuwa mtu anayeelewa. Alipiga mhuri karatasi iliyosema kwamba faili limefungwa, akaita namba kumi na tano. Jokébed alitoka nje akalia kwa hasira, hasira tupu, mpaka pua ikaziba. Siméon alimshikia mkoba.

Jiwe lilisimamishwa upande wa Oicha mwezi uliofuata, likiwa na majina kumi na tisa. Wiki hiyohiyo jarida lilitoa upya sura ya Christa, chungu kikiwa cha kabichi, na juu yake masahihisho kwa herufi nene, yakiomba radhi kwa wasomaji na kwa watu wote wa mwaka 1231. Jokébed alimsomea Siméon. Siméon alisema ni sawa sasa, akaomba viazi.

Makakule walipatana wenyewe. Jina moja kwenye jiwe haliwezi kukaliwa na watu wawili, kwa hiyo hupokezana: Jumapili hii Sadrack, Jumapili ijayo yule wa Syauswa. Asiye na zamu hungoja kando ya barabara.

Jumapili moja baada ya misa, Jokébed alimpitia mama yake ili waende kwenye jiwe. Mama alikuwa tayari mlangoni na maua.

"Leo ni zamu ya nani?" aliuliza.

"Ya ule mwingine, mama."

Mama aliyatazama maua. Mke wa Syauswa alikuwa amekimbilia Kampala, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpelekea mtoto wake kitu.

"Twende tu," alisema.

Walimkuta Sadrack ameketi kando ya barabara, pale ambapo magari yanapunguza mwendo. Mama alimnyooshea kola ya shati, akamuuliza kama hasikii baridi. Kisha akampita na maua yake, akaenda mpaka kwenye jiwe.