Familia ya Bwana Harusi

Uongo ule niliutunga mimi, na nilijisifia wiki nzima. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Kelele, alikuwa amepiga muziki wa harusi kwa miaka tisa, kwa vyombo vya mjomba. Aliposikia baa ya mtaani kwetu inatafuta dijei wa kila Ijumaa, akaaga. Mjomba akamwambia akitoka asirudi, naye akatoka. Kisha akaja saluni kwangu kuniuliza amwambie nini mwenye baa.

"Ukimwambia harusi atakucheka," nilimjibu, huku nikimsuka mteja. "Sema umepiga klabu. Klabu kubwakubwa. Na uvae miwani myeusi."

"Usiku, dada?"

"Sasa utavaa saa ngapi?"

Mimi ni msusi. Nashinda nikisikiliza mambo ya watu, kwa hiyo najiona najua kila kitu.

Mwenye baa tunamwita Mama Kaunta. Alimpa Kelele Ijumaa moja ya kujaribiwa, kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu. Watu wakiinuka kucheza, Ijumaa zote ni zake. Wasipoinuka, yeye atawasha redio yake kama siku zote, na mdogo wangu atabaki hana mbele wala nyuma.

Siku yenyewe nilifunga saluni mapema nikakaa meza ya pembeni. Binti wa kokteli alikuwa akitikisa kopo lake la chuma juu ya bega kama anayemtuliza mtoto, na harufu ya nanasi na tangawizi ilijaa kaunta nzima. Kokteli yangu ilikuja na mwavuli wa karatasi ulionichoma pua kila nilipokunywa. Meza ya kulia walikaa mafundi seremala, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Kushoto walikuwapo walimu wa shule ya msingi, wametoka kusahihisha mitihani na hawataki kusikia neno "mtoto".

Kelele alianza vibaya. Klabu hajawahi kuingia hata mlangoni! Alipiga midundo mizito aliyoazima kwa rafiki, vioo vya madirisha vikitetemeka na watu wakipayukiana masikioni. Kwa miwani ile hata vitufe hakuviona vizuri, na mara mbili alizima wimbo alioutaka akauacha asioutaka. Ilipofika saa mbili na nusu, sakafuni alikuwapo mtu mmoja tu, naye alikuwa anapita kwenda msalani. Mama Kaunta akachukua kitambaa, akaanza kuifuta redio vumbi.

Nilimhurumia mdogo wangu hadi kinywaji kikanishinda. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akavua miwani ajifute, na nadhani hapo ndipo akili ilipomruka, mikono ikafanya ilichozoea kwa miaka tisa. Akapunguza muziki, akashika maikrofoni.

"Na sasa, kwa heshima na taadhima, naomba familia ya bwana harusi isimame tuione."

Hata kopo la kokteli lilinyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na mwavuli wangu.

"Mungu wangu, nimekwisha," akasema Kelele, na maikrofoni ilikuwa bado imewashwa.

Fundi seremala mmoja, mzee kuliko wenzake, akainuka taratibu. Akajipangusa vumbi, akanyoosha shati.

"Sisi hapa," akasema. "Mimi ndiye baba mzazi. Na hawa wote ni wajomba."

Mafundi wakasimama, wakainamisha vichwa kwa adabu. Baa nzima ikavunjika mbavu. Mwalimu mmoja mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha gwaride, naye akainuka.

"Binti yetu hatumtoi hivihivi! Kwanza tuwaone mkicheza!"

Hapo mdogo wangu akawa nyumbani. Aliuita upande mmoja, akaupumzisha, akauita wa pili, akijua ni lini wajomba wamechoka na ni lini shangazi anataka kuonekana. Mafundi walikuja mbele wakipiga randa hewani, walimu wakawajibu kwa mstari mmoja ulionyooka, vidole juu. Meza zilizobaki zikachagua upande. Mimi nilitangazwa shangazi wa bibi harusi, nikacheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka.

"Bibi harusi mwenyewe yuko wapi?" mtu akauliza.

Walimu wakamvuta Mama Kaunta, aproni na yote, wakamfunika kile kitambaa cha vumbi kichwani. Alikataa kwa mdomo, miguu ikakubali. Bwana harusi hakupatikana, tukaendelea bila yeye.

Saa tatu ilipita bila mtu kuiona. Baadaye Mama Kaunta akamfuata Kelele, akihema.

"Kijana, zile klabu ulizoniambia ni zipi?"

Kelele akanitazama. Nikajitia kutengeneza kiatu.

"Hakuna, mama. Nimepiga harusi tu. Niliona aibu kukwambia."

"Aibu ya nini? Mwaka wa nne huu watu wanakunywa hapa wamepeana migongo. Leo fundi ananiita mkwe! Ijumaa ijayo uje saa moja." Kisha akamkazia macho. "Lakini nani alikufundisha uongo ule?"

"Ni mimi mwenyewe, mama," akajibu Kelele.

Machozi yakanilenga. Miaka tisa nilimwonea huruma mdogo wangu kwa kazi ile, na sikuwahi kwenda hata harusi moja kumtazama akiifanya. Nikasema yote palepale, uongo ulikuwa wangu na aibu ilikuwa yangu, Mama Kaunta akisikia. Kelele alinisikiliza hadi mwisho, akanibusu kwenye paji la uso, akaniomba nimpishe afanye kazi.