Kila Zamu na Mkono Wake

Alikuwa akitia mafuta cherehani, kama kila asubuhi kabla wateja hawajaamka, pale maji ya vuguvugu yalipomtiririka mapajani. Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alidhani ni mkojo, akaona haya. Lakini maji hayakukata, na mimba ilikuwa haijatimiza hata miezi minane.

Nesi wa zahanati hakumgusa. "Chupa imepasuka, na uchungu bado. Huko hospitali wakutazame kwa kifaa kilichochemshwa, si kwa vidole. Vidole vinampelekea mtoto wadudu."

Hospitali, mkunga mnene akavaa glavu.

"Kifaa, sista," Fundi alinong'ona. "Nesi wa kwetu alisema..."

"Vifaa viko wodi ya kulipia. Hapa tuna vidole. Au ungezaa kwa huyo nesi wenu?"

Kitanda cha jirani kikacheka. Mama mkwe, aliyemsindikiza, akamfinya bega. "Usitutie aibu, mwanangu. Hawa ndio wenye kujua."

Zamu ikabadilika. Pale kila zamu ilimpima upya kwa vidole vyake; ya kuambiwa na wenzao hawakuyaamini. Kisha akaja daktari na wanafunzi wake, wakapanga foleni nyuma ya pazia lililochanika, wakibishana juu ya mechi ya mpira ya jana.

"Umeigusa shingo ya kizazi?" daktari akamwuliza mmoja.

"Sijaipata vizuri."

"Rudia."

Fundi akakodolea dari macho. Alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Kesho yake homa ikampanda, meno yakagongana. Maji yakatoka yakinuka. Mtoto, aliyezoea kumpiga teke kila alipokula, akatulia tuli.

"Hukuoga wewe," mkunga mnene akasema, kaziba pua. "Uchafu wa nyumbani huo."

Mama mkwe akainamisha uso.

Mchana ikaingia zamu nyingine. Binti mwenye sura ya upole akavuta glavu.

"Pole, mama. Nakupima kidogo tu, nijue njia imefunguka kiasi gani."

"Wenzako hawakuona?"

"Yao ni yao. Panua, mama."

Fundi akabana mapaja.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, "mwache sista afanye..."

"Nyamaza, mama." Hakuwahi kumjibu hivyo. Akaukamata mkono wa yule binti, glavu na vyote. "Uchafu huu haukutoka nyumbani kwangu. Mmeuingiza nyinyi, kwa mikono yenu. Mtoto wangu mmemuua, mmoja baada ya mwingine, na bado mnapanga foleni."