Siku Mbili za Kusubiri

Vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona Machi mwaka 2020, Najma alirudi kwao mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akidhani ni mapumziko ya wiki mbili tatu. Alikuwa mwaka wa pili wa ufamasia katika chuo kimoja cha binafsi. Kwao ni ghorofa la tatu. Chini kabisa, kwenye fremu ya duka inayotazama barabara, baba yake mzee Abdulswamad aliuza viungo pamoja na Ramadhan, kaka yake Najma.

Haikupita muda chuo kikaanza kufundisha kwa simu. Mwalimu Pantaleo alijitokeza kwenye kioo, nusu ya uso wake ikiwa gizani, sauti inakuja na kupotea. Najma alisikiliza kipindi akiwa amekaa juu ya ndoo jikoni, maana hapo ndipo mtandao ulipokuwa unashika.

Ila kazi yake kubwa haikuwa masomo. Nyumba nzima ilishamfanya daktari.

"Najma, hebu tazama kwenye simu, eti limau linaua virusi?"

"Najma mwanangu, mwenye sukari kama mimi ajikinge vipi?"

Naye alitafuta, akawasomea. Mwanzoni alijisikia mtu. Takwimu za wagonjwa zilipoacha kutangazwa mwisho wa Aprili, akawa anatafuta mwenyewe bila kuulizwa: Italia, Marekani, sauti za watu asiowajua zinazorushwa kutoka kundi hadi kundi. Akisoma juu ya kubanwa kifua, kifua chake kinabana. Usingizi ukamkimbia. Mwalimu Pantaleo aliongea saa nzima na Najma hakupata hata neno, kwa sababu chini ya dirisha la darasa kwenye simu alikuwa amefungua ukurasa mwingine wa dalili. Hakumwambia mtu. Angeanzaje, wakati yeye ndiye aliyekuwa anawatoa wenzake hofu?

Katikati ya Ramadhani, wamekaa kwenye futari, mzee Abdulswamad alionja mchuzi akauweka kando.

"Mama Ramadhan, leo umesahau chumvi?"

Bi Sophia, mama yao, akaonja. Ramadhan akaonja. Chumvi ilikuwepo, tena ya kutosha. Ramadhan akacheka, akasema baba kazeeka ulimi. Najma hakucheka. Kupoteza ladha alikuwa ameshakusoma kwenye zile dalili.

Kesho yake homa ikapanda, kikohozi kikafuata. Bi Sophia akamfukiza mumewe kwa mvuke wa mchaichai na tangawizi. Siku ya nne mzee akawa anaongea kwa kukatakata, neno, pumzi, neno, pumzi. Najma akapanda ghorofa la nne kwa Bi Lilavati, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Harsh, kuazima kipimo cha oksijeni, kile cha kubana kidoleni. Mumewe, mzee Jamnadas, alikuwa amefariki wiki moja kabla.

Mama Harsh alikipitisha kwenye upenyo wa mlango. Hakutoa uso wake wote.

"Chukua, usirudishe. Lakini sikia, binti. Mimi nilimpeleka mume wangu hospitali akiwa anatembea kwa miguu yake. Sikumwona tena. Wakaniletea saa na viatu."

Kipimo kilisema themanini na nane, wakati kawaida ni tisini na tano kwenda juu. Najma akaenda kukaa kwenye ndoo yake, akatafuta. Ukurasa wa kwanza uliandika kwa lugha isiyo na utata: mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali mara moja. Alijua ni kweli, alishawahi kufundishwa. Akaendelea kushuka. Chini akakuta video ya mtu aliyevaa koti jeupe, hana jina wala hospitali, anasema kwa upole kwamba mashine za hospitalini ndizo zinazowamaliza watu, mgonjwa alazwe kifudifudi nyumbani, apewe vitu vya moto, atapona. Aliitazama mara tatu. Kila alipoitazama aliona viatu vya mzee Jamnadas.

Akarudi chumbani.

"Baba, tukupeleke hospitali?"

"Wewe... unasemaje? Wewe... ndiye... msomi wetu."

"Tusubiri kidogo, baba. Ulale kifudifudi."

"Haya," alisema, akageuka kama mtoto mtiifu.

Siku hiyo ikapita. Ya pili asubuhi kipimo kilisema themanini na nne. Najma alikizima, akakiwasha, akamwambia mama betri imechoka. Adhuhuri ilipoingia, midomo ya baba ilikuwa na rangi ya zambarau. Hapo ndipo alipopiga kelele. Ramadhan akambeba baba yake mgongoni ngazi zote zile, wakaingia kwenye bajaji. Hospitalini muuguzi alimbana mgonjwa kipimo kidoleni, akainua macho.

"Mbona mmechelewa hivi?"

Ramadhan akamgeukia dada yake. Najma alitazama sakafu. Mzee Abdulswamad hakuifikia alasiri.

Walioruhusiwa kwenda makaburini walikuwa wanne, na walisimama mbali huku watu wa afya waliovaa nguo nyeupe wakimshusha. Nyumbani hapakuwekwa matanga. Majirani walipiga simu za rambirambi, kisha wakakata upesi. Bi Sophia akaingia eda, akakaa chumbani akitazama ukuta.

Vipindi viliendelea. Najma alijiunga kila siku, kamera imezimwa. Hakula, hakuoga mpaka mama amkumbushe. Alichofanya ni kuandika swali lile lile kwenye simu kwa maneno tofauti: mgonjwa wa themanini na nane akiwahishwa, je, anapona? Kurasa nyingine zilisema wengi hupona. Nyingine zilisema inategemea. Alizisoma zote, halafu akaanza upya, kana kwamba pangetokea ukurasa wenye jina la baba yake.

Siku moja kipindi kilihusu matumizi ya oksijeni. Mwalimu Pantaleo akauliza, "Najma, upo?"

"Nipo, mwalimu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Naomba kuuliza. Mgonjwa yupo themanini na nane, mtu anajua apelekwe, anamficha siku mbili. Aliyemuua ni ugonjwa au ni huyo mtu?"

Mwalimu akafunga kipindi, akampigia simu.

"Najma, hapo ulipo uko na nani?"

"Na mama."

"Mpe simu. Tafadhali, mpe sasa hivi."

Bi Sophia alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho. Kisha akamwuliza binti yake kilichotokea, naye akaeleza yote: video, kipimo, uongo wa betri. Najma akadhani mama atamfukuza.

"Mimi nililala pembeni yake siku zote mbili," mama alisema. "Nilikuwa na macho."

Halafu akalia, kilio cha mtu ambaye alikuwa amekishikilia muda mrefu, na Najma hakujua kama amesamehewa au sasa ni wawili wenye mzigo mmoja.

Kwa kuwa mama alikuwa kwenye eda, Ramadhan ndiye aliyempeleka dada yake kliniki ya wagonjwa wa akili. Njiani alitembea mbele yake. Hasira yake haikuwa imekwisha, lakini kwenye foleni alimshika mkono, na daktari alipouliza nani yupo naye, akajibu, "Mimi, kaka yake."

Juni mosi vyuo vilifunguliwa. Najma hakwenda, alipeleka barua ya kuahirisha mwaka. Kila baada ya wiki mbili alirudi kliniki, na muuguzi Scholastika alimwuliza lile lile.

"Umelala kwa muda wa saa ngapi?"

"Tatu."

"Na mara iliyopita?"

"Mbili."

Scholastika akaandika. Najma akapokea dawa zake, akatoka nje kumtafuta kaka yake.