Laini Moja, Wataalamu Wawili

Mume wangu Graeme ana kondoo elfu mbili na dini moja, nayo ni Linux, programu ya kuendeshea kompyuta. Aliipata kwa Kelvin, mwenyekiti wa kilabu yao ya kompyuta mjini Dubbo, na tangu aongoke hataki hata kuisikia Windows ikitajwa. Jumapili moja ya mwaka 2001 akaifuta kwenye kompyuta yetu bila kuniuliza. Bila kuniuliza! Na Jumatatu saa kumi na moja jioni ndio ulikuwa mwisho wa kutuma insha yangu chuoni, ambayo kwa bahati nilikuwa nayo kwenye disketi.

Niliacha shule nina miaka kumi na minne, nikaenda kuwapikia wakata manyoya ya kondoo. Sasa nina hamsini na mmoja, nasomea nyumbani, na insha ile ilikuwa ya mwisho. Ikichelewa, mwaka mzima umekwenda na maji.

"Tulia, bibie," Graeme akasema Jumatatu hiyo saa tisa na nusu. "Kelvin kasema nisiguse kitu mpaka awe kwenye simu."

Basi akampigia Kelvin, akavuta waya wa simu ya jikoni mpaka kwenye kompyuta, akaubana mkonga wa simu begani, ndipo akaiamuru kompyuta iingie kwenye intaneti. Modemu, kile kifaa kinachopitisha intaneti kwenye laini ya simu, ikafanya tik, ikanyamaza. Kwenye skrini pakaandikwa kwamba hakuna mlio wa simu, ule wa laini iliyo huru.

"Inasema hakuna mlio, kaka."

"Umesoma mwongozo?" Sauti ya Kelvin huisikia hata aliye zizini.

"Mwongozo uko kwenye intaneti."

"Basi nitumie ripoti ya mitambo kwa barua pepe."

"Ningeweza kutuma barua pepe ningekupigia?"

"Usinipandishie, kaka. Utaratibu ni utaratibu."

Saa nzima wakahariri mafaili, nusu yake wakibishana ni programu gani ya kuhariria inayomfaa mwanamume mwenye akili. Mimi natazama saa. Saa kumi na dakika arobaini na tano Kelvin akapata ufunuo: modemu iamriwe kupiga namba bila kusubiri mlio. Graeme akachapa. Milio ya namba ikapasuka kutoka kwenye mkonga.

"Umesikia hiyo?" Graeme akapiga kelele.

"Imenipasua sikio! Tunakaribia, kaka!"

Nikautazama ule waya, nikamtazama na mume wangu.

"Graeme, nyumba hii ina laini ngapi za simu?"

"Moja. Usitukatize, bibie."

Lahaula! Nikampokonya mkonga, nikaubamiza mahali pake, Kelvin angali anaeleza.

"Piga sasa."

Modemu ikaguna, ikapiga mayowe, ikaunganika. Insha ikaondoka zikiwa zimebaki dakika tatu. Nikakaa sakafuni nikalia, kwa furaha na kwa hasira, sijui ipi ilizidi. Graeme akanisubiri nimalize, kisha akampigia Kelvin.

"Ilikuwa ile amri yako, kaka. Wewe ni kiboko!"

Mwezi uliofuata kilabu ikamwalika Graeme atoe mada juu ya namna wataalamu wawili walivyookoa masomo ya mke wake. Nikaenda, nikakaa mstari wa mbele. Makofi yalipotulia, Kelvin akauliza kama kuna mwenye swali. Nikainua mkono.

"Mimi mwanafunzi tu," nikasema. "Saa nzima mlipokuwa mkiutafuta mlio wa simu, simu yenyewe ilikuwa begani mwa nani?"