Nyota za Mama Tekla

Advera alikuwa na hakika kwamba kadi mpya ingemwondolea taabu zote. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi na vipaimara, katika chumba cha mbele cha nyumba yao pale Isevya, mjini Tabora, na kompyuta yake ilikuwa imezeeka mpaka picha zinatembea kwa kusuasua. Basi akanunua kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani ya mashine ili picha zikimbie. Akashika bisibisi mwenyewe, akatoa ya zamani, akachomeka mpya. Kompyuta ikawaka, picha zikateleza kama maji. Akacheka peke yake.

Kicheko hakikudumu. Video aliyokuwa akiimalizia ilikuwa ya harusi ya wifi yake, Jenifa, na Jumapili baada ya misa ukoo mzima ungekusanyika kuitazama. Aliianza mwanzo ili aikague. Padri akabariki pete, keki ikakatwa, vigelegele vikapigwa. Kisha mama wa bibi harusi akaingia ukumbini akicheza, kitambaa juu, na programu ikajifunga yenyewe. Pu! Akaifungua tena. Padri, pete, keki, mama. Pu!

Tatizo ni kwamba mama huyo alikuwa mama mkwe wake, na wakati huohuo alikuwa akibisha hodi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimetangulia." Mama Tekla aliweka chini dumu la asali kutoka Ipole, akavuta kiti hadi mbele ya skrini. "Sixbert aliniambia video iko tayari. Nataka kujiona kabla ya wenzangu, nijue kama nilicheza au nilijiaibisha."

Sixbert, mumewe Advera, alikuwa safarini Nzega, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwokoa. Advera akabonyeza. Mama Tekla akatazama pete, akatazama keki, akajiweka sawa kitini. Mlango wa ukumbi ukafunguka. Pu!

"Nimekwenda wapi?"

"Programu imejifunga, mama. Subiri kidogo."

Ilipojifunga mara ya pili palepale, Mama Tekla alimgeukia polepole. "Advera. Kama sehemu yangu umeikata, sema tu. Mimi ni mtu mzima, sitalia."

"Hapana, mama! Ningeikataje?"

Tangu aolewe, Advera alikuwa akiongea na mama huyu kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba sahani za wenyewe. Sasa jasho likamtoka. Alifuta programu akaiweka upya. Pu! Akadhani mashine imepata moto, akaielekezea feni. Pu! Akadhani faili limeharibika, akalinakili tena kutoka kwenye kamera. Pu!

Mama Tekla alikuwa ameanza kupendezwa na shughuli yenyewe. "Hebu niweke mwanzo kabisa," alisema, "kabla ya padri."

Advera akaihamishia sehemu ile mwanzo. Programu ikajifunga kabla hata ya kengele ya kanisa kulia.

"Basi ni mimi," alisema Mama Tekla, akajiinamia. "Mashine imenikataa."

Maneno hayo yalimchoma Advera. Akaacha kubonyeza ovyo, akakaa akafikiri. Mama akiwa katikati, inajifunga; akiwa mwanzo, inajifunga. Amebeba nini ambacho wengine hawana? Ndipo alipokumbuka nyota. Kwa kutaka kumfurahisha, alikuwa amemwekea mama mkwe peke yake nyota za kumetameta zinazomzunguka akicheza. Akamtafuta mjomba Ngollo humohumo kwenye video, aliyekuwa mezani akishughulika na paja la kuku, akamzungushia nyota zilezile. Pu!

"Si wewe, mama!" Advera aliruka. "Hata mjomba Ngollo imemkataa! Ni nyota!"

"Ngollo naye alistahili," alisema Mama Tekla, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Basi zitoe. Kwani mimi malaika?"

Advera alizitoa, na ngoma ikapita bila kukatika. Lakini hakuridhika. Nyota hizo zilichorwa na ile kadi, na kabla ya kadi mpya hazikuwahi kusumbua. Alipochungulia kwenye mipangilio ya kompyuta, akaona kosa lake: alikuwa amebadilisha kadi, lakini programu ndogo inayoielekeza kompyuta namna ya kuitumia ilikuwa bado ile ya kadi ya zamani. Programu ile ya zamani na kadi mpya zilikuwa haziongei lugha moja. Akaiondoa ya zamani, akapakua inayohusika na kadi mpya, akaizima mashine na kuiwasha. Skrini ikabaki nyeusi kwa kitambo. Kisha ikafunguka.

Akarudisha nyota. Mlango wa ukumbi ukafunguka, Mama Tekla akaingia akicheza, kitambaa juu, nyota zikimzunguka mpaka mwisho wa wimbo.

"Mabega yale ni ya dada yangu Recheli," alisema Mama Tekla, kwa sauti ndogo. "Alikuwa akicheza hivyohivyo, Mungu amlaze pema. Sikujua kama ninayo."

Advera akairudisha nyuma bila kuombwa, wakatazama tena, na tena.

Jioni, akiwa jikoni anachemsha maji ya ugali, alimsikia Mama Tekla uani akiongea na Jenifa kwenye simu, sauti imerudia ukubwa wake. "Ilitusumbua, mwanangu! Ikawa inajifunga kila saa. Mimi na Advera tumehangaika nayo mchana kutwa, tukagundua ni kadi. Wewe hutaelewa. Jumapili njoo mapema, ukae mbele."

Advera akamimina unga sufuriani, akitabasamu peke yake.